Binti, ukoo wako ni upi?

 Leo tunazungumza habari inayotuhusu wote: ukoo.

Nianze na neno moja nililoliandika mwenyewe, kwa wino mweusi, miaka mingi iliyopita. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa upadre, paroko msaidizi katika parokia iliyo chini ya milima ya Uluguru. Jumamosi moja alikuja ofisini bibi mmoja akiwa na mjukuu mgongoni. Nyuma yake alisimama binti yake, mama wa mtoto, macho chini. Walikuja kuandikisha mtoto kwa ubatizo. Nikafungua daftari. Jina la mtoto, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Jina la mama, sawa. Nilipouliza jina la baba, bibi alikohoa na binti akanyamaza. Mimi, kijana niliyetoka seminari na kichwa kimejaa Kilatini, sikuuliza mara ya pili. Nikaandika: hajulikani. Nikawapangia siku ya semina ya wazazi na wasimamizi, nikaita anayefuata.

Nilihama parokia ile, nikazunguka kwingine, na baada ya miaka zaidi ya ishirini nikarudishwa pale nikiwa paroko. Siku moja akaja binti, nadhifu, mwenye adabu. "Shikamoo Baba Paroko." Alitaka cheti kipya cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, kwa sababu utaratibu wetu unataka cheti kilichotolewa karibuni, kisichozidi miezi sita. Nikatafuta daftari la mwaka wake, nikaupata ukurasa, nikamgeuzia ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa. Kidole chake hakikwenda kwenye jina lake. Kilisimama kwenye lile neno.

"Baba, aliyeandika hapa ni nani?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mama anamjua. Bibi marehemu alikuwa anamjua. Mimi mwenyewe namjua, tumekutana mara mbili. Sasa asiyemjua alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu, ndugu msomaji. Asiyemjua nilikuwa mimi. Ujinga wangu wa siku moja niliuandika kama sifa ya mtoto wa watu, na daftari la kanisa likautunza kwa uaminifu miaka yote hiyo.

Kibaya zaidi, Kanisa lenyewe halikuwa limeniagiza kuandika vile. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 877, unasema wazi la kufanya mtoto anapoletwa na mama asiye na ndoa. Jina la mama huandikwa ikiwa inajulikana wazi kuwa ndiye mama, au akiomba mwenyewe kwa hiari, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba huandikwa ikiwa kuna hati ya serikali inayothibitisha, au akija mwenyewe kutamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Pasipo hayo, mtoto huandikwa bila kutajwa baba. Bila kutajwa, basi. Sheria inanyamaza kwa heshima. Niliyeongeza neno ni mimi. Jioni ile nilikaa na madaftari ya mwaka wangu ule wa kwanza nikatafuta mwandiko wangu. Nilipofika ukurasa wa nne niliacha kuhesabu.

Lakini binti hakuja kunishtaki. Alikuwa na shida ya haraka. Mchumba wake ni kijana wa Kagera, Mhaya, na posa ilikuwa imekwama. Wazee wa kijana walipofika nyumbani kwao, baba mkubwa wa kijana, mwalimu mstaafu, alimwuliza swali ambalo mzee yeyote wa heshima angeuliza: "Binti, ukoo wako ni upi?" Akautaja. Mzee akasema, "Huo ni wa mama yako. Nauliza wako." Akajibu, "Ndio wangu, mzee." Wakatazamana. Mwisho wazee wakasema watasubiri waone cheti cha ubatizo, maana kanisa haliandiki uongo.

Tusiwacheke wale wazee, wala tusiilaumu ile familia ya Kiluguru. Wote walisema kweli, kila mmoja kwa mujibu wa kwao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika mambo mazito anayesimama kusema ni mjomba. Hivyo hivyo kwa Wakaguru, na kule kusini kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua. Kwa Wahaya ukoo hushuka kwa baba, na kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu ambacho wenye ukoo huo hawakigusi. Mtu akikutajia mwiko wake umeshajua wa kumwita ndugu na wa kumchumbia. Binti yule, akiwa nyumbani kwao, hakupungukiwa hata kidogo. Ana ukoo, ana mjomba, ana mahali pa kuzikwa. Akivuka kwenda upande wa mchumba wake, anakuwa mtu asiye na ukoo. Mtu ni yuleyule, na Kiswahili kimetupa neno lilelile moja, ukoo, la kueleza mambo mawili tofauti.

Tena angalia fomu zetu. Nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Wengi wetu hiyo ya tatu tunaijaza jina la babu. Jina la babu si jina la ukoo! Ni jina la mzee mmoja, aliyeitwa hivyo labda kwa sababu alizaliwa wakati wa njaa au wakati wa mvua. Binti yule alikuwa amejaza la babu mzaa mama, na ukifuata desturi ya Waluguru babu huyo ni wa ukoo mwingine kabisa, kwa kuwa naye alirithi wa mama yake. Fomu imejaa, ukoo haumo.

Wazee wa pwani walikuwa makini zaidi katika hili. Wana ukoo, halafu ndani ya ukoo wana mlango, na ndani yake tumbo, wale waliotoka kwa mama mmoja. Wana nasaba, neno la Kiarabu, ambalo hulitumia wakitaka kutaja mnyororo mzima wa majina hadi mzee wa mwanzo. Jamaa na kabila nayo yametoka Uarabuni. Biblia yetu ya Kiswahili iliyachota yote hayo: Yusufu anapokwenda Bethlehemu kuandikwa, Luka anatuambia alikuwa wa mbari ya Daudi, neno ambalo vijana wa leo ukiwauliza watakwambia ni aina ya samaki.

Kuna jambo moja katika lugha yetu linalonifurahisha. Kushuka chini tuna majina tele: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na wengine huongeza kilembwekeza na kinying'inya. Kupanda juu tunachoka mapema. Baba, babu, kisha tunaanza kuungaunga: babu mzaa baba, baba wa babu, babu wa babu. Aliyekwisha kwenda anabaki mhenga tu. Anayekuja, hata kama hatutamwona, tayari tumemwekea jina.

Usidhani Kanisa limejitenga na mambo haya. Ukija kuandikisha ndoa nitakuuliza habari za koo zenu, na si kwa udaku. Kanuni ya 1091 inazuia ndoa ya watu wa damu moja katika mstari wa moja kwa moja bila kikomo, na kwa upande hadi daraja la nne. Hesabu yake ni rahisi: unahesabu watu, unamwacha mzee mnayekutania. Mimi mmoja, mzazi wangu wa pili, babu simhesabu, mjomba au shangazi au baba mdogo wa tatu, mtoto wake wa nne. Kwa Kiswahili mtoto wa baba mdogo ni kaka yangu au dada yangu, na mtoto wa mjomba au shangazi ni binamu, tunayetaniana naye, na kule pwani anaoleka. Sheria ya Kanisa haioni tofauti hiyo. Wote wawili ni daraja la nne, na bila ruhusa ya Askofu hakuna ndoa. Zamani ilikuwa kali kupita kiasi. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, ndio uliopunguza kizuizi kutoka daraja la saba kwa hesabu ya wakati ule hadi la nne, maana vijijini Ulaya watu walikuwa hawapati wa kuoa.

Kwa hiyo ukoo unapoulizwa kwa nia njema ni ulinzi. Nilimwomba binti anitajie jina la baba yake, faraghani, ili nijue hakuna udugu na kijana. Alilitaja mara moja. Hakukuwa na udugu wowote. Angalia basi: daftari langu lenye neno "hajulikani" lisingeweza kumlinda asiolewe na kaka yake. Kilichomlinda ni kile ambacho mama yake alikuwa amemwambia jikoni. Nikamwuliza kama angependa baba aje atamke, kama sheria inavyoruhusu. Akatikisa kichwa. "Ana nyumba yake, Baba. Nisiwavunjie."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inampa kila mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua waliomzaa na jamaa zake. Mama yule, aliyesimama ofisini kwangu akiangalia chini, alikuwa ametimiza sehemu yake kabla hata sheria hiyo haijatungwa. Nami nawaombeni, kina mama mnaosoma, mwambieni mtoto. Mchague siku na maneno, lakini mwambieni.

Siku chache baadaye yule mwalimu mstaafu alifika parokiani. Mtu wa sala, anayeijua Biblia yake. Aliketi, akaweka kofia magotini, akaniambia kwa upole kwamba hana ugomvi na binti, ila kwao mtoto asiye na baba hana ukoo, na watoto watakaozaliwa wataulizwa na wenzao upande wa mama una nini.

Nikafungua Mathayo sura ya kwanza. Wewe msomaji unaijua sura hiyo. Husomwa tarehe 17 Desemba na katika Misa ya mkesha wa Noeli, na msomaji wa Injili asiyejiandaa hujikwaa kwa Yekonia na Zerubabeli huku waamini wakipiga miayo. Majina yamepangwa kwa makundi matatu ya vizazi kumi na vinne: Abrahamu hadi Daudi, Daudi hadi uhamisho wa Babuloni, uhamisho hadi Kristo. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, zaidi ya mara thelathini, kama mtu anayetwanga. Katikati ya twangatwanga hiyo wamo wanawake ambao karani mwangalifu wa ukoo angewaruka. Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake Yuda. Rahabu wa Yeriko, ambaye kazi yake tunaijua. Ruthu, mwanamke wa Moabu, na Kumbukumbu la Torati liliwakataza Wamoabu kuingia katika kusanyiko la Bwana hata kizazi cha kumi. Kisha Bathsheba, ambaye Mathayo hamtaji hata kwa jina. Anamwita mke wa Uria, ili mfalme Daudi asisahau alikomtoa. Mathayo aliwajua wote, akawaandika.

Halafu fika mwisho. Yakobo anamzaa Yusufu, na pale unaposubiri Yusufu amzae Yesu, kinu kinanyamaza. Yusufu anatajwa kuwa mume wa Maria, na Yesu anazaliwa kwake huyo Maria. Yusufu hakumzaa.

"Mwalimu," nikamwuliza, "Yusufu alimzaa Yesu?"

"Hapana, Padri."

"Basi ukoo wa Daudi Yesu aliupata wapi?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu, nami nilidhani nimemaliza kazi. Ndipo akaniambia neno ambalo sikulipata seminari.

"Padri, hapo umenipiga kwa Biblia yangu mwenyewe. Lakini Yusufu alikuwepo. Alimchukua Maria nyumbani, akampa mtoto jina, akamfundisha useremala. Ndiyo maana ukaitwa ukoo. Mimi siulizi damu. Nauliza huyu binti Yusufu wake ni nani?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Mzee alikuwa na haki. Sisi mapadre tukiisoma sura ile huwa tunafurahia mwisho wake, kwamba Mungu haufungwi mkono na koo za wanadamu, tukasahau kwamba malaika alimwagiza Yusufu ampe mtoto jina, na kwa Wayahudi kumpa mtoto jina kulikuwa ni kumkubali kuwa wako. Luka naye anasema watu walimdhania kuwa mwana wa Yusufu, kisha anapanda jina kwa jina hadi Adamu na hadi Mungu. Hata mahali alipoiweka orodha yake panafaa kuangaliwa: hakuiweka kwenye kuzaliwa kama Mathayo, aliiweka mara tu Yesu anapotoka majini kubatizwa. Sauti ya Baba kwanza, orodha ya mababu baadaye. Mimi katika daftari langu la ubatizo niligeuza: nilitaka mababu kwanza.

Na kama nataka kujipiga vizuri zaidi, naukumbuka Waraka kwa Waebrania. Melkisedeki anatokea humo hana baba wala mama, wala orodha ya ukoo. Siku ya kupadrishwa kwangu niliambiwa mimi ni kuhani kwa mfano wake! Padre wa mfano wa asiye na nasaba, kalamu mkononi, akamwandikia mtoto mchanga "hajulikani". Wala si mimi peke yangu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimzuia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kupata upadre mpaka apewe ruhusa ya pekee. Ile ya 1983 imeliacha hilo. Wapo wazee wenzangu wanaokumbuka wavulana wazuri waliorudishwa nyumbani wakiwa na masanduku yao.

Nilimjibu mwalimu kwamba Yusufu wa binti yule yupo, na kwamba nitamwomba aje.

Mjomba alikuja Jumanne, miguu ina tope la shambani, amevaa koti la Jumapili. Ndiye aliyemlipia ada, ndiye aliyekwenda naye hospitali alipougua akiwa mdogo, ndiye aliyepokea barua ya posa. Wazee wawili wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, chini ya mwembe. Sikukaa nao. Niliwasikia wakianza kwa kuulizana habari za mvua, kisha kahawa, bei ya kule na ya huku, kisha sauti zikashuka. Mhaya akataja ukoo wake na mwiko wake. Mluguru akataja wake, na ulikotoka mlimani, na nani alikuwa mjomba wa nani. Walikaa mpaka kengele ya saa sita.

Daftari la ubatizo halifutwi wala halichanwi. Niliandika ofisi ya Jimbo kuomba kibali, na kilipokuja nikalikata lile neno kwa mstari mmoja, nikaweka maelezo pembeni, tarehe na sahihi yangu. Kazi hiyo sasa naifanya kwa wengine wote walio katika mwandiko wangu, na wengine sijui wako wapi. Kama ulibatizwa chini ya milima ile miaka hiyo na ukaliona neno hilo kwenye cheti chako, njoo. Mlango wa ofisi uko wazi kuanzia saa tatu, isipokuwa Jumatatu.

Cheti nilichompa binti kilikuwa na jina la mama yake, na mahali pa baba pameachwa kimya kama sheria inavyotaka. Wazee wa Kagera walikisoma, wakakikunja, wakamrudishia.

Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Mjomba alikuwa mmoja wa mashahidi wawili. Baada ya Misa, sakristia ikiwa imejaa watu na mpiga picha anatuhimiza, nilimwonyesha mahali pa kutia sahihi katika daftari la ndoa. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Kisha akainua kichwa akaniuliza mstari wa ukoo uko wapi. Nikamwambia katika daftari hili haupo. Akatazama ukurasa, akaona pembeni pana nafasi, akauandika hapo.